Kabati Nililoliita Mvule

Mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu wengi waliokuwapo uchochoroni siku ile wameuongezea chumvi, na kama ni kuaibika, basi bora niaibike kwa mdomo wangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami karani kijana, suruali imepigwa pasi ikanyooka na mfukoni hamna kitu, nimemposa Zuhura, mwalimu wa Kiingereza, binti wa Mzee Abdalla, seremala wa Mji wa Kale. Kwetu bwana harusi ndiye aliyejaza chumba cha fungate nyumbani kwa kina bibi harusi, na chumba hicho sharti kitazamwe na mashangazi, majirani, hata na mtu aliyekuja kuazima sufuria. Basi nikaenda kwa mafundi wa Makupa nikanunua kabati la milango mitatu, linang'aa mpaka unajiona meno. Ndani lilikuwa mbao laini, juu limebandikwa ganda jembamba la mvule, kitu ambacho mafundi huita vinia na Waingereza huandika veneer. Fundi aliniambia wazi, hakunificha.

Aliyeharibu ni mimi. Nilipita karakana kwa Mzee Abdalla kumwamkia, akaniuliza, randa mkononi, "La mti gani hilo kabati, mwanangu?" nami nikaona haya (seremala yule, milango yake yasifiwa mji mzima!), nikajibu, "Mvule, baba. Mvule mtupu."

Kumbe mzee alifurahi kupita kiasi. Akawaambia wenzake msikitini, wenzake wakawaambia wake zao, na Jumanne, siku ya kabati kuletwa, siku tatu kabla ya nikaha, akaenda mwenyewe sokoni Marikiti akachagua mahamali sita wenye vifua, kwa sababu uzito wa mvule si mchezo. Nilipowaona wamejipanga nikataka kusema baba, wawili wanatosha, lakini ningesemaje bila kusema na yale mengine?

Pikapu ya fundi ikakoma mwanzo wa uchochoro, maana ndani haipiti. Wanawake wamejaa madirishani, vigelegele juu kwa juu. Mahamali wakajifunga vitambaa viunoni, wakatemea viganja mate, mkubwa wao akaita, "Haya, bismillahi!" wakanyanyua kwa nguvu zao zote, na kabati likaruka. Wallahi liliruka! Wawili wakakaa kitako, mmoja akabaki amekumbatia hewa, na kabati likaenda kugonga kona ya nyumba ya jirani, vinia ikabanduka kutoka juu hadi chini ikaning'inia kama ganda la ndizi, na ndani mbao zangu nyeupe zikachungulia watu.

Vigelegele vikakatika. Hamali mmoja akasema, "Yakhe, hili kabati au katoni?" Watu wakacheka mpaka wakashika kuta, nami (nacheka sasa, siku ile sikucheka) nikacheka nao kidogo, nikijifanya sijui.

Mzee Abdalla hakucheka. Alilishika lile ganda kwa vidole viwili, akalipapasa, akaliachia polepole.

"Mimi sikwenda Makupa kulitazama," akaniambia. "Neno lako lilinitosha."

Akaingia ndani. Angenizaba kofi ningeshukuru.

Alasiri ile shangazi yake Zuhura akaniletea barua. Nikajua ndiyo basi, Ijumaa hakuna nikaha. Zuhura aliandika hivi: "Nimelitafuta neno veneer katika kamusi kubwa ya shuleni. Waingereza walilitoa kwa Wajerumani, Wajerumani walilitoa kwa Wafaransa, na huko lilikotoka maana yake ilikuwa kumpatia mtu anachohitaji. Baadaye ndipo Waingereza wakalitumia kwa mtu ambaye wema wake ni wa juujuu. Mimi sikuhitaji mvule. Nahitaji kujua naolewa na nani. Usimtume mzee yeyote kwa baba. Nenda wewe, useme, kisha ndipo nitajibu habari ya Ijumaa."

Nikaisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikuwa nampenda, jamani, na sikuwahi kumwogopa mtu kama nilivyoiogopa karakana ile.

Nikaenda. Mlikuwa na wateja wawili wamekaa juu ya mbao, wala hawakuondoka, wakajiweka sawa wasikie vizuri. Nikasema mbele yao, "Baba, nilikudanganya. Fundi aliniambia ni vinia. Niliona haya kwa kuwa sina uwezo wa mvule, nikataka unione mtu." Hapo nikafuta uso kwa mkono wa shati langu zuri la ofisini.

Mzee akaipuliza randa yake, akainuka, akachukua kopo la gundi na brashi.

"Haya, ndoo twende tukalibandike," akasema. "Na tukitaka kulisogeza, mara hii mimi nawe twatosha."

Mahamali walikuwa wamekwisha kuliingiza chumbani, tukafanya kazi humo hadi magharibi, yeye akipaka gundi, mimi nikishikilia ganda lisikunjike, kisha akalipitishia pasi juu ya kitambaa kibichi. Ufa ulibaki, mrefu kama mkono. Zuhura akamtuma shangazi aseme Ijumaa iko palepale.

Alhamisi wanawake wakaja kutazama chumba, nami nipo ukumbini na Mzee Abdalla nikiomba ardhi inimeze, na haikuchukua muda bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Kabati la mti gani hili?" Nikafungua mdomo. Mzee akaniwahi.

"Mbao laini, juu vinia," akajibu, kifua mbele kama anayetangaza mbao za msaji wa Bara Hindi. "Mkwe wangu kanambia mwenyewe!"

Nikainama nikajifanya natafuta viatu vyangu, maana machozi hayakunipa nafasi. Tangu hapo nimeapa, mtu akiniuliza kitu changu kikoje, namjibu ukweli kabla hajamaliza. Zuhura hunambia nimezidisha, kwamba hata wageni wakisifu biriani nawaambia nyama ilikuwa kidogo. Wacha nizidishe.