Risasi za Haroub

Haroub wa vifaa vya ujenzi, jirani yangu hapa Kibamba, ni mtu wa kupima maneno kama anavyopima misumari. Kwa hiyo aliposema anaishtaki serikali, nilijua hatanii.

Mwaka jana majambazi walimvamia dukani baada ya Magharibi. Alikuwa na bastola, ya halali, yenye leseni. Alifyatua mpaka risasi zikaisha, na zilipoisha wakamfikia na mapanga. Walikimbia watu walipojaa, lakini mkono wake wa kushoto hauwezi kukunja ngumi hadi leo. Sharti la leseni lilimkataza kuweka magazini, yaani kasha la risasi la bastola, ya kubeba risasi nyingi zaidi, na hilo ndilo alilokwenda kulipinga mahakamani. "Zingeongezeka kidogo tu, mkono wangu ungekuwa mzima," alikuwa akisema. Mimi kesi hiyo sikuipenda hata chembe, lakini kila nikiutazama mkono ule nilimwonea huruma.

Wakili wake, Wilfred, alitaka shahidi. Mimi na Haroub tukaenda naye kwa mwalimu Tekla, ambaye dirisha lake linatazamana na duka. Ndiye aliyemfunga Haroub jeraha jioni ile kwa khanga yake, na tangu hapo kila Idi sahani ya kwanza ya pilau huenda kwake.

"Mwalimu, uje tu useme ulichokiona," Haroub alimwomba. "Kwamba risasi ziliniishia."

Tekla akamjibu, "Kaka Haroub, nikishaapa nitaulizwa yote."

"Si ndiyo useme yote."

Aliinuka, akatuongoza chumbani. Juu ya kitanda cha mwanawe Lusungu palitundikwa kitenge. Akakishusha. Ukutani palikuwa na tundu, na plasta imemeguka pembeni yake.

"Risasi yako moja ilipita dirishani," alisema. "Mwanangu alikuwa amelala hapa, ana homa. Niliposikia bastola yako imenyamaza, mie nilimshukuru Mungu."

Haroub aliingiza kidole tunduni. Machozi yalimtoka mbele yetu, mtu mzima yule, wala hakuyafuta.

"Mbona hukuniambia, dada yangu?"

"Siku ile ulikuwa unavuja damu. Baadaye nikaona bora nikusitiri."

Tulipotoka nje, Wilfred alitaka kujua amweleze nini jaji, maana kesi ilikuwa inakwenda vizuri. Haroub aliukumbatia mkono wake mbovu kifuani.

"Iondoe," alisema. "Mwambie risasi zilitosha."