Njiwa Wawili Kwenye Pakiti ya Unga

Hata leo nikipita mbele ya kanisa letu pale Riruta kuna akina mama wanaojifanya wanakohoa ili wafiche kicheko, nami najifanya sioni, kwa hivyo afadhali niieleze aibu hii kwa mdomo wangu mwenyewe kabla hamjauziwa ile yao, ambayo imetiwa chumvi mpaka hailiki.

Mimi nauza unga wa uji. Wimbi, mtama, mahindi kidogo, na kitu kingine ambacho sikitaji hapa. Nimelea watoto sita kwa unga huo, nikiwauzia majirani kwenye mifuko ya kaki, mpaka meneja wa supamaketi moja ya Uthiru alipouonja akasema, mama, nitakupa shelfu nzima, lakini lazima pakiti iwe na alama yake ya biashara, na Jumamosi nitakuja kwako nione kama unapopakia ni pasafi. Shelfu nzima. Mimi, wa darasa la pili.

Mjukuu wangu Wairimu, ambaye alikuwa chuoni mjini, akaniambia, "Cucu, ngoja Jumatano nikupeleke kwa mtu wa kuchora logo." (Logo ndiyo hiyo alama, wao huiita hivyo.) Nikamjibu kwamba nilikuwa nauza uji kabla mama yake hajaota meno, sihitaji kuongozwa kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jumanne nikaenda Ngara peke yangu, na kwenye mkoba nimebeba picha yangu nzuri, ile niliyopigwa nikiwa na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kabla meno yangu mawili ya mbele hayajaniaga. Mchoraji aliitwa Salim, kijana wa Pwani, mpole, na kompyuta yake ilikuwa kwenye chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Aliniamkia shikamoo bibi kwa adabu mpaka nikageuka nione ni nani anayeamkiwa nyuma yangu, maana watoto wa kwetu hunirushia tu "sasa shosho" na kuendelea kutafuna.

Kusema kweli kazi aliijua. Aliuliza uji wangu unanukia vipi, wanaonunua ni kina nani, nataka mtu ahisi nini akiiona pakiti, kisha akanichorea pale pale: shuke la wimbi, kibuyu, bakuli linalofuka moshi. Nikakataa zote. Nikamwambia mimi si bakuli, na wimbi hulimwa na kila mtu, lakini sura hii anayo nani mwingine?

Ndipo nikaiona mezani kwake karatasi inayokauka. Mama mmoja wa rika langu, yuko ndani ya duara la dhahabu, maua ya zambarau yamemzunguka, njiwa wawili weupe juu ya kichwa, na chini yake miaka miwili yenye kistari katikati. Nambari hazinishindi, na Biblia ya Kikuyu naisoma polepole, lakini maneno ya pale juu yalikuwa ya Kizungu, tena yamejipinda kama mizizi ya viazi vitamu, na Kizungu kikijipinda hivyo sisi wawili hupishana bila kusalimiana.

"Nataka kama hii," nikasema.

Salim akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Bibi, umesoma hapo juu?"

"Nimesoma."

"Na unajua ni ya nini?"

Sasa ningesema nini, mbele ya kijana aliyenipa heshima yote ile? "Najua," nikamwambia. "Ama unaniona mtoto?"

Akaomba radhi. Alijaribu tena kwa mzunguko, kwamba kila picha ina pahala pake, kwamba wateja wengine huenda wakashtuka, nami nikamuuliza mwenye unga ni nani. Akaichukua picha yangu, akaniweka chini ya njiwa. Nikamwambia sura ijae, jina la unga likae chini hata kama ni dogo, na yale maneno ya juu ayaache vile vile kwa kuwa yamependeza. Nikataka na miaka pia, kwa sababu miaka humpa mtu uzito: wa kwanza ule niliozaliwa, wa pili huu ambao unga wangu unaingia supamaketi. Hapo akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Huu wa pili, bibi, una hakika?"

"Kabisa. Kabla haujaisha, Riruta yote itakuwa imesikia."

Akauandika huku midomo yake inacheza kama mtu anayeomba dua, na nilipotoka alinisindikiza ngazi zote mpaka barabarani, akaniombea Mungu anifanyie wepesi. Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Watu wake walikuja kubandika mabango niliyolipia ya kutangaza unga, yenye picha ile ile, siku ya Ijumaa, kuanzia stendi mpaka kwenye lango langu. Mimi nilikuwa nimeondoka alfajiri bila kumwambia mtu, kwenda Uthiru kwa dada yangu kuchukua gunia la wimbi, nikalala huko, na simu nimeiacha nyumbani (mimi huiacha ili isipotee). Wairimu, ambaye sikuwa nimemwambia habari za Ngara, aliporudi jioni kutoka chuoni alinikuta kwenye nguzo ya stima. Akanipigia simu, ikalia juu ya kabati. Akaketi sakafuni wakalia pamoja.

Jumamosi asubuhi nikarudi, nyuma yangu mwenye mkokoteni na gunia langu, nikaona turubai uani, viti vya plastiki, akina mama wa kanisa wanamenya viazi. Nikadhani Wairimu anamwandalia meneja mapokezi, nikasema mtoto huyu kweli ana akili. Kisha nikamsikia jirani yangu Mama Kamau, kwa ile sauti yake ya matanga, akitaja jina langu na kulifuatisha na "alikuwa". (Mwili uko wapi, hakuna aliyethubutu kumuuliza mtoto anayelia.)

Ningeingia mara moja. Lakini ni nani hupata nafasi kama hiyo? Nikajibanza nyuma ya ua wa michongoma, nikasikiliza. Alikuwa mkarimu: kweli. Alikuwa mchapakazi: kweli kabisa. Alikuwa na mdomo, ila moyo wake ulikuwa safi: hapo nikavumilia. Mwenye mkokoteni akauliza tunangoja nini, nikamwambia anyamaze. Katikati ya miiba nikamwona meneja, ameketi mbele na suti yake, anakunywa uji, na uji wenyewe ni wangu, wameufungua mfuko niliomtayarishia yeye.

Mama Kamau akapangusa macho. "Na huu uji mnaokunywa," akasema, "mimi ndiye niliyemfundisha marehemu kuuchanganya."

Miguu ilinipeleka yenyewe.

"Mama Kamau, ulinifundisha lini?"

Sitaeleza yote. Mama Kamau aliketi ndani ya karai la viazi, na maji yake, wala hakuinuka. Mama mwingine aliruka ua na kisu mkononi na kiazi bado kiko kwenye kisu. Meneja alipanda juu ya kiti, lakini kikombe hakukimwaga, hilo niliona. Wairimu peke yake ndiye aliyenikimbilia, akaning'ang'ania shingo mpaka ikauma, kisha akang'oa bango langoni akanisomea kwa Kiswahili yale maneno yaliyojipinda: Kwa kumbukumbu ya mpendwa wetu.

"Cucu, hukumuuliza aliyechora ni picha ya nini?"

Watu wote wakanigeuzia shingo.

"Yeye ndiye aliyeniuliza," nikasema. "Nikamwambia najua."

Nimezaa watoto sita, lakini sijawahi kutoa kitu kigumu kama maneno hayo.

Meneja alishuka, akakagua chumba changu cha kupakia, akapitisha kidole kila mahali akitafuta vumbi, hakupata. Shelfu akanipa, kwa sababu, alisema, hajawahi kuona matanga ambayo watu wanaomba kikombe cha pili. "Lakini hiyo picha, mama, dukani kwangu hapana. Hakuna mzazi atakayempa mtoto uji wa marehemu."

Jumatatu nikarudi Ngara na Wairimu ameniongoza, ndiyo, kama mbuzi. Salim aliponiona mlangoni alilitaja jina la Mungu mara tatu, kisha akatuchapishia lile bakuli linalofuka moshi, na ndilo linalouza mpaka leo. Tangu siku hiyo nikipewa karatasi yoyote, hata risiti, nasema nisomee, tena nasema kwa sauti.

Mabango tuliwashia jiko. Moja nimeliweka sandukuni chini ya shuka zangu nzuri, maana ukweli usemwe, pale nimependeza, na siku yangu ikifika sitaki Wairimu ahangaike Ngara. Ule mwaka wa pili tu ndio nimeukwangua kwa wembe. Huo watajaza wenyewe.