Nilikata mti wa avoka sababu ya mihogo, sasa namenya peke yangu

Wakuu, habari ya mchana. Mimi ni bibi wa hapa Kasongo. Shule niliacha darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja. Makosa ya herufi munisamehe, lakini mambo yenyewe ni kweli tupu.

Mbele ya mulango wangu, pembeni ya barabara, palikuwa mti wa avoka, yaani parachichi. Chini yake tulimenya mihogo kila mchana: mimi, Sifa, Mama Zaina, na Mama Faida wa ng'ambo ya barabara. Sifa alitangulia kufa.

Sasa musikie ujinga wangu.

Mihogo tunaianika chini, palepale. Kivuli kikaniletea ukungu. Nikaita mutu wa shoka.

Mama Faida akacheka: "We mwanamuke, unaua mti sababu ya ugali?"

Nikamujibu: "Kivuli utakula weye?"

Kweli, mihogo ikakauka siku mbili, zamani ilikuwa siku ine. Majirani wakaona, nao wakakata. Barabara yote ikabaki wazi.

Ndipo pikipiki zikapata nafasi. Zinasimama pale avoka ilipokuwa, zinanguruma, joto lao linanipiga magotini. Udongo unaunguza mpaka jua kuzama.

Tulipomuzika Mama Zaina, nilibebwa mpaka makaburini. Kule miti iko. Nikavua viatu: udongo baridi. Jua ni lile lile moja, wakuu.

Kiuno changu kimekataa kuvuka barabara. Mama Faida ndiye alikuwa anakuja, miguu mitupu sawa zamani. Siku moja akafika katikati, akarudi mbio.

"Dada, naungua! Na hawa wa pikipiki wananipigia honi sawa mbuzi!"

Hajavuka tena. Namenya huku, anamenya kule. Tunapungiana visu.

Nimepanda mbegu ya avoka. Imefika gotini. Nikamupigia kelele aione.

"Nitakuja," akasema, "siku kivuli kitafika kwenye kiti changu."

Kiti chake nimekiweka hapa kando ya mche, sikiondoi. Kwa sasa kivuli kinatosha kuku mumoja, vifaranga vyake viko nje juani.

Mihogo ningeweza kuianika juu ya bati. Sikufikiri. Mbele ya kukata mti, mujiulize kwanza nani anaketi chini yake.

Kwenu mti umebaki? Muniandikie majina ya wanaoketi pale. Nitayasoma yote, mchana mzima niko.