Bibi Aliyemjia Chiku

Cheka ukitaka. Mimi nilikuwepo, tena mchana, saa tisa, na sikuwa nimeonja kitu.

Nalima kabichi na karoti hapa Mgeta. Tangu mke wangu afariki, nyumbani tumebaki wawili, mimi na paka wake, Chiku. Chiku alizaliwa na kasoro: anapumua mdomo wazi, ubavu ukipanda na kushuka kama ametoka kupandisha mlima. Nikamficha kikapuni, nikadandia lori la mboga mpaka Morogoro mjini. Daktari wa mifugo alimpiga picha, akasema pafu moja halikukua tangu tumboni mwa mama yake.

"Mzee, mwaka hamalizi. Akizidiwa mlete, tumpumzishe."

Kijijini sikumwambia mtu. Mtu mzima kumpeleka paka hospitali? Wangenicheka mpaka Krismasi.

Kila Chiku akikohoa nilimwambia, "Pole, mama." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya kutwa. Siku ile ukungu ulishuka hadi uani. Akakohoa, nikampa pole, na sauti ikajibu kutoka mlangoni: "Nimeshapoa."

Alikuwa bibi kizee, kajitanda kanga kavu kabisa ilhali manyunyu yanaanguka. Nikamwambia shikamoo. Bibi gani asiyeitikia shikamoo? Akamtazama Chiku.

"Huyu pafu lake moja halikukua. Kachoka. Nipe nikampumzishe."

Nani alimwambia? Nilimwogopa, lakini niliogopa zaidi kubaki peke yangu katika nyumba ile. Nikamkumbatia Chiku.

"Simtoi, bibi. Ndiye mwenzangu."

"Haya. Baki naye."

Akarudi ukunguni. Nilitoka kutazama, nakuambia kweli, kwenye tope lote lile hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mwaka ukaisha, Chiku hakufa. Sasa ni wa saba. Hali, hanywi, anahema tu usiku na mchana, macho kanikodolea. Nilimrudisha mjini. Daktari alimchoma sindano ya kumpumzisha, akangoja, akangoja, kisha akanirudishia kikapu, Chiku bado anahema ndani.

Ukungu ukishuka naacha mlango wazi. Haji mtu.

Ndugu yangu, ukiwa na kiumbe unachokipenda na kimechoka, usikizuie eti kwa kuwa unaogopa upweke. Mimi niliogopa, na anayeteseka ni Chiku.