Majani Ndani ya Kengele

Kengele ya mbao haina mlio wa kupendeza. Inagonga kavu tu, ko-ko-ko. Juzi niliisikia sokoni hapa Kisangani, mezani kwa muuza vinyago. Harufu ya mazutu, mafuta ya mota za boti, ikanijia puani, ingawa hapakuwa na mota yoyote karibu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Mama na mimi tulikwenda kijijini, mbele ya Isangi, kumchukua Tonton Lokwa, kaka yake mkubwa. Mguu wake ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, na muuguzi wa kule alisema wazi kwamba asipofika Kisangani upesi, mguu ule utaondoka naye. Tonton alikuwa mwindaji, tena mkaidi. Alikubali kwa sharti moja: Tutaona aje pia. Huyo alikuwa mbwa wake, mwekundu, masikio wima, kengele ya mbao shingoni kwa sababu mbwa wa namna ile hawabweki. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda binamu zangu, na sioni haya kusema hivyo.

Tulipanda baleniere, boti ndefu ya mbao, tukajibana kati ya mikungu ya ndizi, samaki wa moshi, mbuzi wa watu na matenga ya kuku. Tonton alilazwa juu ya magunia, homa ikamzidi, akalala. Tutaona alijikunja miguuni pake, kimya. Mama, ambaye hakuweza kuona uchafu akaupita, akagundua kengele imejaa majani makavu. Alisema watoto wa kijiji hawana adabu, na kwamba mbwa asiyesikika angetupotea kwenye mizigo ile. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mama yangu aliingia humo na kijiti, akayachokoa majani yote.

Kengele ilipogonga, Tutaona alisimama, macho yamebadilika. Akapita juu ya mapaja ya watu, akapindua sufuria ya wali, akawatawanya mbuzi, akarudi na kuku mdomoni na kumlaza kwa adabu mbele ya Tonton. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote. Akajichomoa, akaenda tena. Akikimbia kengele inalia, na ikilia yeye anazidi. Watu walisema ana kichaa. Nililia kwa woga na aibu, maana mnyama niliyemjua alikuwa amegeuka mgeni mikononi mwangu.

Nahodha alikuja amekunja uso. "Mama, hii imbwa itashuka Yanonge," alisema. "Bon, njo mwisho." Hakutaka maneno zaidi.

Makelele yalikuwa yamemwamsha Tonton. Alijibu bila hasira: "Kama iko inashuka, na miye nashuka."

Mama alijua kaka yake hatanii. Yanonge, kituo kilichofuata, hatukuwa na ndugu, na mguu ule usingengoja boti nyingine. Akamsihi nahodha, akamgeukia kaka yake akamsihi naye, huku nyumba za Yanonge zimeshaanza kuonekana. Tonton hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akisikiliza kengele.

"Nani alifungula kengele?" aliuliza.

Mama akakiri. Tonton akacheka kidogo, maumivu yakamkatiza, kisha akatueleza. Njiani kengele huzibwa kwa majani. Mwindaji akiifungua, mbwa anajua uwindaji umeanza. Akiiziba tena, anajua ni kurudi nyumbani. Tutaona hakuwa na kichaa. Alikuwa kazini.

Akamwita kwa kupiga ulimi. Akachana pembe ya kikwembe alichojifunika, akakishindilia kile kipande ndani ya kengele kwa kidole gumba, polepole.

"Kazi imeisha," alisema.

Tutaona akajikunja miguuni pake, akalala. Nahodha akarudi kwenye mota yake akinung'unika, mwenye kuku akapewa mkungu wetu wa ndizi, na Yanonge tukaipita. Mama alikaa akitazama maji, machozi yanamtiririka, nami nilidhani analilia ndizi zake.

Hospitalini walimkata Tonton mguu. Hakuwinda tena. Aliishi uani kwetu miaka mingi, mbwa wake ubavuni, na kile kipande cha kikwembe hakikutoka kwenye kengele hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba pale kwenye boti, aliposema kazi imeisha, Tonton hakuwa akimwambia mbwa peke yake. Mama alilielewa hilo palepale.