Injini ya Kidole Kimoja

Mdogo wangu alinunua injini ya boti iliyokwishatumika, akaileta begani mpaka karakana yangu ya Laini Saba, Nairobi, imefungwa kwa gunia. Mimi nilikuwa fundi wa pikipiki na mashine za kusaga. Injini ya boti sikuwahi kuigusa na sikutaka kuigusa. Baba yetu alizama ziwani nikiwa darasa la sita, na nilipokuja Nairobi niliapa sitakanyaga tena ufuo ule. Lakini ndugu akiomba, utasema nini?

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Iliwaka vizuri, ila ule mkono wa kuielekezea boti ulikataa kusogea hata tukiuvuta watu wawili.

"Omera, na hii nitapiga kona aje?" mdogo wangu akauliza, akiniita ndugu kwa lugha ya kwetu.

Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ndani, ngumu kama sabuni ya mche. Nililowesha kwa mafuta ya taa chuma ambacho mkono huzungukia, nikagonga taratibu siku nzima mpaka kikatoka, nikakisugua, nikatia grisi mpya. Bado nikaona inakaza kidogo. Kando palikuwa na skrubu, nikailegeza yote. Hapo mkono ukawa unakwenda kwa kidole kimoja, na nilimwonyesha kwa kidole changu cha shahada, nikiringa kama bwana harusi.

Tuliifunga kwenye ubao, tukaizamisha katika pipa la maji, tukaiwasha. Nilipoiongeza kasi, mkono ulinichomoka, ukanigonga mbavu. Tulicheka sana siku ile.

Alasiri ya safari yake ya kurudi nyumbani ziwani, akiwa ameshatangulia stesheni na mzigo wake, nilijisifu kwa mama aliyeuza omena jirani na karakana. Mume wake aliendesha boti miaka mingi kule kwetu. Aliacha kupima samaki akanitazama.

"Hiyo skrubu umelegeza yote? Hiyo kitu inafaa ikuwe ngumu kidogo. Ukiachilia mkono tu, injini inajigeuza yenyewe, boti inazunguka, unarushwa nje. Halafu pangaboi, ile inakata maji huko chini, inakurudia. Mimi nimeona."

Mbavu zikaniuma upya. Nilikuwa nimemtengenezea ndugu yangu kifo, kwa mikono yangu, na nikakisifia.

Stesheni nisingewahi, na kule nyumbani hapakuwa na simu. Lakini treni ya Kisumu hupita Laini Saba, na alikuwa ameahidi kusimama mlangoni anipungie mkono. Nilisimama kando ya reli nikiomba Mungu mdogo wangu asisahau. Hakusahau. Nilipomwona nilikimbia sambamba na behewa, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Kaza skrubu! Kaza skrubu!"

Magurudumu yalimeza kila neno. Mdogo wangu alicheka, akainua kidole kimoja, akakizungusha hewani. Treni ikaenda.

Kesho yake alfajiri nilipanda basi, bisibisi mfukoni. Njia nzima nilimwona baba jinsi walivyomleta, maji yakimtoka puani, kisha sura ikageuka ikawa ya mdogo wangu. Abiria wa jirani aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Nilifika jua likielekea kuzama. Boti ilikuwa nusu majini, injini imeshafungwa nyuma, mdogo wangu akiisukuma. Sikumsalimu. Niliingia ziwani na viatu, maji yakanifika kiunoni, nikashika ile skrubu nikaikaza. Bisibisi iliniteleza mara mbili.

Mdogo wangu aliacha kusukuma. Tangu msiba ule hakuwahi kuniona majini. Akaujaribu mkono kwa kidole kimoja. Haukusogea.

"Omera," akasema, "si umeiharibu tena."

Nilimwambia ndiyo, nimeiharibu. Nikaushikilia ukingo wa boti, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imekataa kunirudisha nchi kavu.