Hema Kando ya Mianzi ya Watu

Nakumbuka majivu, mjukuu wangu. Nilitoka hemani asubuhi, baridi ya Kilolo inauma masikio, nikakuta mtu amemwaga majivu kulizunguka hema letu lote, duara moja lisilo na upenyo, huwezi kupita bila kuacha unyayo. Pikipiki ilikuwa palepale. Mizigo ipo. Hakuna kilichoibwa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mwizi ningemwelewa.

Nakuambia haya kwa sababu jana nimeona hema kwenye mzigo wako. Usidhani sikuliona. Umelikunja ukalifunika na koti, unataka kwenda Iringa na pikipiki yako, ulale porini ukwepe kulipa gesti. Basi kaa kwanza. Chai bado ipo.

Enzi hizo tulikuwa chini ya Mwingereza, na mimi nilikuwa kijana wa Mbeya mwenye kushuku kila kitu. Marehemu mama alikuwa akisema nikipewa yai nalitikisa kwanza sikioni. Sikatai. Binamu yangu Lusekelo, mkubwa kwangu, mtu mwenye mke na watoto, ndiye aliyekuwa na pikipiki. Aliinunua kwa mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao, akaongezewa na hema la kaki juu yake. Mimi nilikuwa nimempenda binti wa Kilolo, Paulina, aliyekuja Mbeya kumuuguza dada yake. Tukapatana. Baba yake akatuma neno kwamba nifike nyumbani na mshenga wangu, anione kwa macho yake. Mshenga akawa Lusekelo. Nilijua mzee yule akinikataa ndiyo basi, kwa sababu Paulina hakuwa msichana wa kutoroka na mtu.

Usiku wa kwanza tulilala Chimala kwa shangazi. Siku ya pili tukaingia Iringa jua limeshainama, tope mpaka kwenye kofia. Pale Kihesa palikuwa na mama aliyekuwa akikodisha vitanda kwa wasafiri. Nyumba imefagiliwa, maji ya moto yapo jikoni. Lakini yule mama aliuliza maswali. Mnatoka wapi? Mnakwenda kwa nani? Pikipiki hii ni yenu? Akasema tuiingize uani, na uani kuna kufuli, na ufunguo anakaa nao yeye. Nikamvuta Lusekelo pembeni nikamwambia huyu mama pikipiki anaiulizia ya nini, tukilala hapa kesho tutaamka na usukani tu. Lusekelo alikuwa hoi, alitaka kuoga alale. Nilimsumbua mpaka akachoka kubishana na mimi.

Nimekuja kuzeeka ndipo nikaelewa kwamba mtu anayemlaza mgeni lazima aulize. Asiyeuliza ndiye wa kumwogopa.

Tukashika njia ya Kilolo. Kwa wakwe hufiki gizani, kwa hiyo tulipobakiza mwendo mfupi tukasimama kando ya shamba la mahindi, penye kichaka cha mianzi inayogemwa ulanzi, pombe ya huko. Mwenyewe alikuwa ameshaikata, vyombo vya kukingia vimefungwa juu, ulanzi unadondoka taratibu. Nyumba yake ilionekana ng'ambo ya shamba, moshi unatoka, sauti za watoto unazisikia. Lusekelo akasema twende tukapige hodi. Nikamwambia, wewe unamjua yule ni nani? Tukasimika hema kimyakimya, na moto hatukuwasha tusije tukaonekana. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepungua upepo, basi Lusekelo akatoa pampu yake yenye mpira mrefu mwekundu, akajaza. Hiyo pampu uikumbuke.

Asubuhi ndiyo nikakutana na yale majivu. Lusekelo alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Tukafungasha haraka, na pikipiki nayo kwa baridi ile ikagoma kuwaka. Tulisukuma, tukafungua plagi tukaikausha, tukasukuma tena, mpaka jua likapanda. Tulipofika kwa baba yake Paulina, tukakuta tumetanguliwa.

Palikuwa na mtu amekaa kulia kwa mzee, mkuki wake umeegemezwa ukutani. Mikono ya koti lake ilikuwa nyeupe kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Tulisalimu, "Kamwene," tukaitikiwa vizuri tu, lakini viti havikuletwa. Yule mwenye majivu alikuwa mdogo wake mzee, baba mdogo wa Paulina. Ile nyumba ya ng'ambo ya shamba ilikuwa yake. Alikuja mbio kwa njia ya mkato kuwaonya ndugu zake kwamba kuna mumiani njiani.

Nyinyi siku hizi mnacheka mkisikia mumiani. Siku zile watu walikuwa na hakika kwamba wapo watu wanaozunguka na magari na hema za kaki wakinyonya damu za wenzao wakaiuze. Yule bwana alipotuona tunajificha kwenye mianzi yake, kwanza alidhani tumekuja kumwibia ulanzi. Kisha akamwona Lusekelo anachomoa pampu na ule mpira mwekundu. Akahamishia watoto kwa jirani, akamwaga majivu ili ajue tukitoka, akakaa nje na mkuki wake mpaka kukacha. Na mimi usiku huohuo nilikuwa ndani ya hema, nimekumbatia spana, namwogopa yeye.

Baba yake Paulina alisikiliza yote. Yeye mambo ya mumiani hakuyaamini. Akaniuliza taratibu, "Nyumba ya mdogo wangu uliiona?"

"Niliiona, baba."

"Mbona hukupiga hodi?"

"Nilihofia pikipiki."

Akasema, "Wewe umehofia chuma, mwenzako amehofia watoto. Sasa nikupe mtoto wangu uende naye Mbeya. Siku ukiugua usiku, atapiga hodi kwa nani, na wewe hakuna mlango unaouamini?"

Paulina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ameinamisha uso, na mimi nikajua nimeshampoteza. Lusekelo akaanza kunitetea kama mshenga anavyotakiwa. Mzee akamzuia kwa mkono.

"Leo kijana atalala kwa mdogo wangu," akasema. "Kesho waje wote wawili. Nitakayemuuliza ni mdogo wangu, si yeye."

Yule bwana hakupenda, na mimi sikupenda. Lusekelo alibaki na pikipiki. Mimi nilitembea mbele na pampu mkononi, maana mwenye nyumba alitaka aione vizuri, naye akanifuata nyuma na mkuki. Jioni watoto walirudishwa, wakajibanza nyuma ya mama yao. Nikaiweka pampu katikati ya chumba nikamwambia aishike mwenyewe. Akaushika ule mpira kwa ncha za vidole, akauelekeza kwenye kiganja changu, si chake. Nikamwachia. Akasukuma, ukatoka upepo. Akasukuma tena, akaujaribu shavuni mwake, kisha akampulizia mkewe kilemba. Mtoto mdogo akacheka akataka apuliziwe na yeye, na wakubwa wakafuata, mpaka ugali ukapoa. Lakini usidhani tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Kulala alilala na mkuki ubavuni, na mimi nililala nimeelekea mlangoni.

Asubuhi tukaenda wote. Mzee akamuuliza mdogo wake mbele yangu, "Huyu kijana ni nani?"

Yule bwana akajibu, "Amelala kwangu."

Mzee akaagiza ulanzi uletwe, na aliyeuleta ni Paulina. Ndiye bibi yako huyo aliyekumiminia chai sasa hivi, na mpaka leo ananicheka nikizunguka nyumba jioni kukagua madirisha.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe sijaweza. Shuku kadiri unavyotaka, ila ushuku ukiwa umekaa kwenye kiti cha mwenyeji, yeye anakuona na wewe unamwona. Ukiwa na pesa, lipia kitanda na umjibu mama wa gesti maswali yake bila kununa. Ukiwa huna, hema hilo usilisimike kichakani. Nenda kwenye nyumba jua lingali juu, piga hodi, taja jina lako na la baba yako, useme unakokwenda, uombe sehemu uani. Wakikukatalia, aga kwa heshima uende nyumba inayofuata. Na hiyo pampu yako waonyeshe watoto mapema.

Haya, lete kichwa nikushike. Mungu akutangulie barabarani, akuepushe na utelezi wa huko milimani. Kila jioni akupe mlango wa kupiga hodi, na kila utakapoulizwa wewe ni nani, asikosekane mtu wa kusimama aseme, huyu amelala kwangu.